Mikono ya Ngalula na Dirisha Jeusi

Ninyi mnaobaki na ufunguo wa chumba cha kompyuta hamkuniacha nipumue tangu mliponiaga: "Mama Mwape, utuandikie." Haya, naandika. Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Vyeo havikunibadilishia kiti, kilikuwa kilekile kinachoegemea kushoto, na mshahara mnaweza kuukisia mkipita hapa mtaani Makomeno mkaona nyumba yangu inavyongoja rangi. Nitawaeleza kazi. Kazi niliijua, na sioni haya kusema niliijua vizuri.

Niliingia kwenye maabara ile kama dactylo, mpiga chapa. Wafanyabiashara wa madini walikuwa wanaleta mawe yao kwenye mifuko, wenzetu wa nyuma wanayasaga, unga unaingia kwenye mashine ya kupima, na sisi wa mbele tunatoa cheti kinachosema jiwe lina shaba kiasi gani. Bila cheti lori haliondoki. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, nikakuta vumbi jekundu limenitangulia mpaka kwenye kiti. Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa Papa Ilunga, mkuu wa kompyuta, mwanamume mwembamba ambaye kila asubuhi alifuta vitufe vyote kwa kitambaa chenye alkoholi, kimoja kimoja, kabla hajaanza kazi nyingine yoyote.

"Mama, unajua kuwasha ordinateur?" aliniuliza.

"Najua, Papa."

"Na kuizima?"

"Papa, courant njo inaizimaka."

Alicheka mpaka akakaa chini, maana kweli umeme wa mji ulikuwa unatuzimia kompyuta mara nyingi kuliko sisi wenyewe. Toka siku hiyo akaanza kunifundisha, na nikaacha kuwa dactylo bila mtu yeyote kuniandikia barua.

Kwa wale waliokuja juzi, nieleze kwanza mtambo wetu ulivyokuwa. Cheti tulikiandika katika programu ya kuandikia ya kawaida, hiyo ambayo kila ofisi inayo. Ndani yake Papa Ilunga alikuwa ameweka makro, yaani maagizo yanayojiendesha. Mwandishi anaingiza namba ya sampuli, anabonyeza kitufe kimoja, na makro inaita programu nyingine ya zamani, isiyo na picha wala kipanya, inayosikia amri za maandishi tu. Hiyo inafungua dirisha jeusi, inakwenda kwenye mashine ya kupima, inatafuta vipimo vya sampuli ile na kuviandika katika faili dogo. Halafu makro inasoma faili na kujaza cheti. Hapo katikati Papa Ilunga alikuwa ameweka kisanduku kinachotokea kwenye kioo na kusema: "Jambo mama. Habari ya kazi?" Chini yake kitufe cha OK. Unabonyeza OK, cheti kinajaa. Wageni walicheka, sisi tulizoea. Hapa kwetu huwezi kumwomba mtu kitu kabla hujamsalimia, na mimi nilidhani Papa Ilunga alikuwa ameifundisha adabu hata kompyuta.

Dirisha jeusi ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu. Programu ikiharibika, dirisha lile linafunguka na kufungika kabla hujasoma neno hata moja, na mwandishi anakuambia, "Mama Mwape, kumepita kitu kyeusi." Sasa mimi nifanye nini na kitu cheusi kilichopita? Papa Ilunga alinifundisha kubadilisha herufi moja katika amri, kuweka /k mahali pa /c, ili dirisha libaki wazi na liseme lina shida gani. Bado nawaona vijana wanakisia sababu nusu siku nzima wakati herufi moja ingewaambia. Alinifundisha pia kuacha makro pembeni na kuiandika amri ile ile kwa mkono. Ikikataa kwa mkono, shida ni ya programu. Ikikubali, shida iko kwenye namna makro inavyoiita. Ukilijua hilo umeshamaliza nusu ya kazi, na nusu ya pili ni uvumilivu.

Nilikutana na mengi. Katibu mmoja alitengeneza folda akaiita "Clients Likasi", yaani wateja wa Likasi, na programu ikalia kwamba haioni kitu kinachoitwa "Clients". Ile nafasi kati ya maneno mawili inakata amri, lazima jina lote lifungwe ndani ya alama za nukuu. Mara nyingine makro ilikataa kabisa kuona faili la vipimo. Nikatafuta asubuhi yote, kumbe mhasibu alikuwa amefungua picha za harusi ya dada yake kutoka kwenye flash, na programu, kwa kuwa hatukuiambia pa kutafuta, ilikwenda kutafuta shaba katikati ya picha za bibi harusi. Tangu hapo nikaandika njia nzima ya folda katika kila amri, toka mwanzo mpaka mwisho, na ninawaomba msichoke kufanya hivyo. Programu ya amri haina akili ya kukisia. Usipoiambia iende wapi, inakwenda pale ulipokuwa wewe mara ya mwisho.

Papa Ilunga alistaafu kabla yangu, akarudi kwao Pweto, akaanza biashara ya samaki wakavu. Aliniachia chumba, kitambaa chake cha kufutia, na mtambo wote kama ulivyo. Miaka mingi haukunisumbua sana. Halafu akaja Ngalula.

Alikuwa msichana wa mtaa wa Katuba, wazazi wake ni watu wa Kasai, amesomea ukatibu akamaliza wa kwanza, na sijawahi kuona mtu anaandika haraka kama yule. Wateja waliokuwa na haraka yao walisahau haraka wakabaki kumtazama vidole. Meza ya pili ilikuwa ya Mama Odette, mwenzangu wa siku nyingi, aliyeandika polepole huku akiimba nyimbo za kwaya. Mimi nilimpenda Ngalula mara moja. Mama Odette alichukua wiki chache zaidi.

Siku moja mchana akaingia Mwansa, mfanyabiashara anayeleta mawe kutoka upande wa Kilwa, barabara ile inayovunja mtu mgongo. Akatupa cheti mezani.

"Hii bulletin ni ya jiwe ya nani?" akasema. "Yangu naijua. Niliiona mwenyewe, nililala juu yake mu lori. Hii haiko yangu!"

Tukapima tena jiwe lake. Alikuwa na haki: cheti kilikuwa kimepunguza shaba yake vibaya sana. Baada ya hapo kikaja cheti kingine kibaya, na kingine, na vyote vilikuwa vimeandikwa na Ngalula. Vya Mama Odette vilikuwa safi, hakuna hata kimoja kilichorudi. Habari ikatoka nje kwenye uwanja wanakosubiri wafanyabiashara, na toka siku ile kila mtu aliyepewa cheti alidai jiwe lake lipimwe mara ya pili mbele ya macho yake. Maabara inaishi kwa kuaminiwa tu. Mkurugenzi wetu, ambaye si mtu mbaya lakini hasira yake inatangulia mguu, alitoka uwanjani akamwita Ngalula mbele ya watu wote.

"Unauzisha bulletin!" alipaza sauti. "Bantu ya inje banakulipa, unabadirisha teneur, kipimo ya shaba! Mwivi! Toka, uende kwenu!"

Ngalula hakulia. Alisema tu, "Directeur, sikubadirisha kitu," akachukua mkoba wake akapita katikati ya wanaume wale wote waliokuwa wanamwangalia. Uamuzi wa kumfukuza kabisa ungetolewa Ijumaa. Sote tulijua maana yake. Katika mji huu wa madini, msichana aliyefukuzwa kwa kuuza vyeti hapati kazi tena popote, si kwenye maabara, si kwenye ofisi, na jina lake linamfuata mpaka kanisani.

Mimi nilikasirika, na nikikasirika nakaa kimya na kusoma. Nilichukua vyeti vyote vibaya nikavipanga pamoja na vile vilivyotangulia. Nikaona jambo ambalo mkurugenzi hakuwa na subira ya kuliona. Takwimu za uongo hazikubuniwa. Kila cheti kibaya kilibeba takwimu za mteja aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Mwansa alipewa shaba ya mtu aliyemtangulia. Wengine walipunguziwa na wengine waliongezewa, mmoja alipata cheti kizuri mno kwa mawe ambayo ningeyatupia kuku. Nikamwendea mkurugenzi.

"Patron, mwivi gani anaiba na kurudisha?" nikamwambia. "Ule alizidishiwa, alilipa nani? Na ule Mwansa, nani alilipa ili apunguziwe?"

"Mama Mwape, ordinateur zao ziko sawasawa," akajibu. "Programme iko moja. Odette anaandika muzuri, Ngalula anaandika mubaya. Sasa ni machine njo mubaya, ao muntu?"

Swali lake lilikuwa zuri, nakubali. Nikarudi kwenye kompyuta kulitafutia jibu. Nikaandika amri kwa mkono katika dirisha jeusi, vipimo vikatoka sawa. Nikasoma makro ya Papa Ilunga mstari kwa mstari, sikuona kosa. Nikatoa cheti mimi mwenyewe, sawa. Nikakaa nyuma ya Mama Odette asubuhi nzima, sawa. Alhamisi ilipofika nilikuwa nimejaribu mikono yote ya ofisi isipokuwa ile iliyolaumiwa. Nikarudi kwa mkurugenzi nikamwambia nataka Ngalula aje aandike mbele yetu. Hakutaka. Nikamwambia basi Ijumaa atufukuze wawili, maana mimi ndiye ninayejibu kwa kompyuta zile. Akanitazama kama mtu aliyeonja limau, halafu akamtuma dereva Katuba.

Ngalula alifika mchana, amevaa vizuri, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa na hakutaka kufukuzwa akiwa ovyo. Mkurugenzi akasimama nyuma yake, Mama Odette pembeni, nami upande wa pili. Akaandika vyeti viwili. Cha pili kikatoka na takwimu za cha kwanza.

"Voilà!" mkurugenzi akapiga makofi. "Munaona?"

"Tunaona, patron," nikasema, na moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. "Hapa hakuna mutu wa inje. Nani amemulipa sasa?"

Nikamwomba Ngalula arudie, nikaacha kutazama kioo, nikatazama vidole. Akaingiza namba, akabonyeza kitufe cha makro, na kisanduku cha salamu kilipotokea, kabla hata maneno hayajakaa vizuri, kidole chake kilikuwa kimeshagonga OK. Ile salamu hakuisoma kamwe. Nikamwambia Mama Odette akae.

Mama Odette akaingiza namba, akabonyeza. "Jambo mama. Habari ya kazi?" kioo kikasema.

"Muzuri, Papa. Tunasukuma tu," Mama Odette akakijibu kwa sauti, akashusha miwani, akainyanyua tena, ndipo akabonyeza OK. Cheti kikatoka safi.

Nilimtazama yule mama, miaka yote ile tumekaa chumba kimoja, na ndiyo kwanza nagundua kwamba alikuwa anaijibu kompyuta. Nikajiuliza mimi mwenyewe nafanya nini. Mimi siijibu kwa sauti, lakini naisoma, kila mara, kama vile Papa Ilunga amesimama pale. Nikakaa kwenye kiti, nikagonga OK papo hapo kama Ngalula. Takwimu za jiwe la mwingine zikajaa kwenye cheti changu.

Sasa nieleze, maana hili mtakutana nalo mahali popote. Makro ikiita programu ya dirisha jeusi kwa njia ya kawaida, haiisubiri. Inaiamsha tu kisha inaendelea na safari yake. Programu yetu ilihitaji muda kidogo kutafuta sampuli. Asubuhi, mashine ikiwa na sampuli chache, ilimaliza upesi. Mchana, mashine imejaa, ilikawia, na mchana ndipo Ngalula alipokuwa anazidi kukimbia kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Ukigonga OK kabla haijamaliza, makro inasoma faili lililopo, na lililopo ni la mteja aliyetangulia. Salamu ile ndiyo iliyokuwa inatupa muda. Watu walioijibu walipata haki, na msichana aliyefanya kazi kuliko sisi sote akaitwa mwizi.

Kabla sijagusa kitu nilimpigia simu Papa Ilunga. Nilimkuta sokoni Pweto, nasikia watu wanabishana bei nyuma yake.

"Papa, ile salamu mulitia mu macro, ilikuwa ya nini?"

Akacheka. "Ilikuwa ya kungojesha, mwanangu. Programme ilikuwa inakawia, na ile wakati sikujua namna ingine. Nikasema, batu ya kwetu, ukibasalimia lazima baitike. Bakiitika, programme imemaliza. Ju ya nini unaniuliza?"

Nikamweleza habari ya Ngalula. Kicheko kikakatika.

"Ule mutoto banataka kumufukuza juu ya salamu yangu?"

"Kesho, Papa."

"Basi uambie Directeur: ni Ilunga njo alifanya hii kintu. Useme jina yangu kabisa, usifiche. Na uitengeneze, Mwape. Miye sikujua namna, weye unajua."

Nilijua. Nilibadilisha mwito ili makro isimame mpaka dirisha jeusi lijifunge lenyewe. Halafu nikaongeza jambo la pili, ambalo najivunia zaidi: kabla ya kuita programu, makro inafuta faili la zamani. Hivyo, hata kama siku moja kila kitu kitaharibika, cheti kitatoka kitupu, lakini hakitabeba jiwe la mtu mwingine. Wekeni hili kichwani. Cheti kitupu mteja anakirudisha mara moja, cha uongo anaondoka nacho. Salamu niliiacha pale pale, na sasa mtu anaweza kuijibu au kuipita apendavyo.

Ijumaa asubuhi Ngalula akaandika mbele ya mkurugenzi kwa kasi yake yote. Kila cheti kikawa sawa. Nikamweleza mkurugenzi kosa lilikuwa wapi, nikataja jina la Papa Ilunga kama alivyotaka. Mkurugenzi alijifuta paji la uso.

"Bon. Ngalula, Jumatatu urudie kazi. Tufanye bila fujo, discrètement."

Ngalula akasimama.

"Hapana, Directeur. Muliniita mwivi inje, mbele ya bantu. Munirudishie jina yangu inje, mbele ya bantu. Kama hapana, sirudi."

Nilidhani mkurugenzi atalipuka. Alinitazama mimi, nikatazama dari. Halafu akatoka, nasi nyuma yake. Uwanja ulikuwa umejaa wafanyabiashara na mifuko yao. Akakohoa, akaanza kusema kwa Kifaransa safi cha mikutano kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi, kwamba maabara inasikitika, na kadhalika. Mwansa alikuwa amekaa juu ya mfuko wake karibu na ukuta.

"Chef," akasema, "ile siku mulimutukana na Kiswahili."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akavua miwani.

"Ngalula haiko mwivi," akasema. "Hakuuzisha kitu. Machine yetu njo ilikosa, na miye nilikosa. Ngalula, unisamehe."

Ngalula akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akakaa kwenye meza yake. Mama Odette alikuwa huru, meza yake iko karibu na mlango, na mtu yeyote mwenye kuogopa angekwenda kwake. Mwansa akabeba mfuko wake begani, akampita Mama Odette, akasimama mbele ya Ngalula.

"Uandike yangu," akasema.

Jiwe lilisagwa, likapimwa. Ngalula akaingiza namba, akabonyeza. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuona kitu vizuri kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa, mwanamke mzima na miwani yake. Dirisha jeusi likafunguka, likafanya kazi yake, likajifunga. Cheti kikajaa. Mwansa akakisoma mpaka chini, akakikunja, akakitia mfukoni, akaondoka bila kudai kipimo cha pili.